Gogo Namba Mia Nne na Saba

Shore hana bei.
Ukimtaka shore hapa Katuba, fungua dirisha:
yupo juu ya waya wa umeme usio na umeme,
kichwa cheusi kama mtu aliyetoka kupuliza makala,
chini ya mkia doa la manjano.
Anasema lile lile alilosema jana.
Hakuna anayemjibu, wala anayemnyamazisha.

Mukula una bei.
Ndiyo maana niliajiriwa.

Miaka mitatu, barabara ya Kasenga,
nilisimama na kopo la rangi nyeupe
nikiandika namba kwenye vichwa vya magogo.
Bwana Kisimba, walisema, mwandiko wako mzuri;
na kweli, saba yangu ilikuwa na mstari tumboni
kama nilivyofundishwa na masista.

Mukula ukikatwa huvuja wekundu.
Sisemi damu. Kila mtu husema damu.
Nasema ulivuja kama unavyovuja,
na rangi yangu nyeupe ikawa ya waridi
kabla sijamaliza namba.
Jioni Mujinga alitia shati langu kwenye beseni,
akatazama maji, akauliza:
"Leo mmechinja nini?"

Bibi yangu alitukataza kuhesabu vifaranga
kwa sauti, uani, kipanga akiwa juu.
Mimi nilihesabu kwa sauti.
Karani wa lori alirudia nyuma yangu
ili asikosee.

Na shore, nani amewahi kumhesabu?
Anakula papai la jirani, anakula pera letu,
anadondosha mbegu popote anapokaa,
kwenye mtaro, kwenye paa la kanisa,
kwenye tairi lililokufa;
ndiyo maana mtaa wetu una mipapai
isiyo na mwenyewe.
Ila mukula haumlishi kitu.
Tunda lake kavu, duara, jembamba,
sarafu ya zamani iliyozungukwa na bawa.

Ndiyo, bawa.
Mti nao huruka,
ila mara moja tu, upepo wa kiangazi ukiutaka,
na hauwezi kurudi kwenye waya
kusema haukupenda pale ulipotua.

Gogo mia nne na saba lilikuja na tawi lake,
mtu alisahau kulipogoa.
Nilichuma bawa moja,
nikaliweka kwenye pochi, pamoja na kadi ya kura.

Kisha kazi ikaisha.
Wengine wanasema ni sheria iliyoisimamisha.
Wengine wanasema ni miti.

Nikalipanda kwenye kopo la maziwa ya unga,
nikalitoboa matundu matatu kwa msumari,
nikamwagilia siku bomba lilipotukumbuka.
Wiki moja. Ya pili.
Mujinga akasema udongo huu unakunywa
kuliko marehemu baba yako.
Siku ya kumi na tisa, kijani!
Niliwaita watu. Nakiri, niliwaita hata wale
ninaowadai. Walisimama na mikono yenye bukari
kutazama kitu chenye urefu wa njiti ya kiberiti.
Nilitaka kukiandika: mia nne na nane.
Brashi ilikuwa imekauka.

Mwezi ulipopita, jani likafungua vidole.
Papai.

Juu ya waya, kichwa cheusi,
anasema lile lile.
Niliokota jiwe. Lilikuwa jiwe zuri la kurushia,
lina uzito wake.
Nikaliweka chini ya kopo lisiyumbe.

Sasa kopo limepasuka, mpapai umefika dirishani,
na shore anakula kabla yetu, bila hodi.
Tumemzoea. Tunakula alichobakiza.
Chini, kati ya mizizi ya mwingine,
lile bawa bado limelala,
au limeoza, au linangoja.
Mujinga ananiambia nifukue nijue moja.

Sijafukua.